Baba Mdogo, Mkwe na Mama Asha: Jinsi Anthropolojia Ilivyojifunza Kuhesabu Ushahidi

Kiangazi cha mwaka 1858 mwanasheria mmoja kutoka Rochester, New York, alikuwa Marquette, mji mdogo wa Marekani kando ya Ziwa Superior, kwenye shughuli zake za reli na machimbo ya chuma. Aliitwa Lewis Henry Morgan. Alipopata nafasi aliwatafuta Waojibwa, wenyeji wa pande zile, akawauliza maswali ambayo mpita njia angeyaona ya kitoto. Kaka wa baba yako unamwitaje? Baba. Dada wa mama yako je? Mama. Na kaka wa mama? Hapo neno likabadilika. Huyo si baba, ana jina lake peke yake. Dada wa baba vilevile.

Sisi hatuhitaji kufafanuliwa. Kaka wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo, dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo. Upande wa pili kuna mjomba na shangazi, na heshima yao ni ya namna nyingine. Watoto wa baba mdogo ni ndugu zangu tu, wa mjomba na shangazi ndio mabinamu. Tumelelewa ndani ya mpangilio huu hata hatuuoni, kama mtu asivyosikia lafudhi yake mwenyewe.

Morgan alishangaa kwa sababu mbili. Lugha yake humweka kaka wa baba pamoja na kaka wa mama katika neno moja, na wote wawili huwatenga kabisa na baba. Lakini iliyomnyima usingizi ni sababu ya pili. Mpangilio uleule alikuwa ameshaukuta kwa Waseneca, mojawapo ya mataifa ya shirikisho la Wairoquois, ambao aliwafahamu tangu miaka ya 1840 kupitia Ely Parker, kijana Mseneca aliyekutana naye katika duka la vitabu mjini Albany. Kiseneca na Kiojibwa hazina undugu. Maneno ni tofauti kabisa, ila ramani ya ukoo ni ileile. Inakuwaje?

Swali hilo ni mojawapo ya milango ambayo elimu tunayoiita anthropolojia iliingilia. Nimechagua kuingia kwa mlango huo, na si kwa majina ya nadharia, kwa sababu nadharia za mwanzo za elimu hii zimefundishwa sana kama orodha: huyu alisema hivi, yule akampinga, mtihani ukafanywa. Kilichokuwa kikigombaniwa hasa kilikuwa kidogo na kigumu zaidi. Ukiona desturi moja kwa watu wawili walio mbali, una haki ya kusema nini? Na ukisema, umehesabu nini?

Morgan alifanya jambo ambalo hadi hapo halikuwa la kawaida. Badala ya kusoma vitabu vya wasafiri na kuokota kinachomfaa, aliandaa hojaji yenye maswali zaidi ya 200, yaleyale kwa kila mahali, akaitawanya kwa msaada wa taasisi ya Smithsonian na serikali ya nchi yake kwa wamisionari na makonsuli sehemu mbalimbali za dunia. Mwaka 1859 alikutana na mmisionari aliyefanya kazi kwa Watamil wa kusini mwa India, akagundua kwamba Mtamil naye humwita kaka wa baba “baba” na humtenga mjomba. Kati ya 1859 na 1862 yeye mwenyewe alisafiri mara nne kwenda magharibi kukusanya majibu. Katika safari ya mwisho, akiwa juu ya Mto Missouri, binti zake wawili walifariki nyumbani kwa maradhi, yeye asiwe na habari. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1871, kikiwa na majedwali ya majina ya ukoo kutoka jamii na lugha 139. Nikiyatazama majedwali yale huwa najiuliza ni wangapi kati ya wanaomnukuu Morgan wanakumbuka yaligharimu nini.

Kazi ya kukusanya ilikuwa safi. Tatizo lilianza alipotaka majedwali yaseme.

Joseph Henry, aliyekuwa mkuu wa Smithsonian, hakuridhika na muswada mnene wa maneno ya ukoo. Alitaka ufupishwe na uonyeshe unafika wapi. Basi Morgan akatoa maelezo. Alisema majina ya ukoo ni kama mabaki ya kale yaliyoganda: desturi hubadilika, neno hubaki. Kama leo mtu anamwita kaka wa baba yake “baba”, ni kwa sababu hapo kale kundi la ndugu wanaume liliwaoa kundi la wanawake kwa pamoja, mtoto asijue ni yupi aliyemzaa. Na kwa kuwa Watamil na Waseneca wanafanana, Morgan aliona hiyo ni dalili kwamba wenyeji wa Amerika walitoka Asia.

Hebu mzungumzaji wa Kiswahili alipime hili kwa maisha yake. Ninaposema “baba mdogo amekuja”, hakuna mtu sebuleni anayedhani simjui aliyenizaa. Tunalo hata neno lake, baba mzazi, na tunalitumia pale tu inapobidi. “Baba” kwetu inataja wajibu: nani atasimama siku ya posa, nani ana haki ya kukukemea, nani utamzika kama mwanawe. John McLennan, mwanasheria wa Scotland aliyekuwa akigombana na Morgan kwa muda mrefu, alisema kwamba majina yale ni namna ya kusalimiana tu. Naye alikosea kwa upande wa pili, maana baba mdogo si salamu, ni cheo chenye mzigo. Na lau Morgan angepata majibu kutoka Bagamoyo au Lamu angekuta ramani ileile, kisha angelazimika ama kututoa sisi nasi Asia au kuiacha hoja ya asili moja.

Mwaka 1877 alipanua wazo lake hadi likawa ngazi ya binadamu wote: unyama, kisha ushenzi, kisha ustaarabu, kila taifa likipanda daraja zilezile, wengine wakiwa wamefika juu na wengine wamekwama njiani. Friedrich Engels aliichukua ngazi hiyo mwaka 1884, na kwa njia hiyo ikaenea mbali kuliko Morgan mwenyewe alivyowahi kufikiri. Haya maneno mawili ya mwisho niliyotafsiria yanauma kidogo. “Mshenzi” ndilo jina ambalo watu wa pwani waliwaita watu wa bara, na “ustaarabu” ndani yake mna Mwarabu. Ngazi ya kuwapanga binadamu haikuja yote kwa meli kutoka Ulaya. Tulikuwa na yetu, fupi.

Chumba kimoja London, Novemba 1888

Edward Burnett Tylor hakusoma chuo kikuu. Alizaliwa London mwaka 1832 katika familia ya Wakweka, madhehebu ambayo wafuasi wake walikuwa wamefungiwa milango ya Oxford na Cambridge, na baba yake alikuwa na kiwanda cha kuyeyusha shaba nyeupe. Alitumwa Amerika kwa sababu ya afya, akafika Cuba, akaingia Mexico, akarudi akiwa mtu mwingine. Mwaka 1871, mwaka uleule wa kitabu cha Morgan, alitoa kitabu chake kikuu, na katika ukurasa wake wa kwanza akaandika fasili ya utamaduni ambayo bado inatajwa madarasani: ni jumla ya maarifa, imani, sanaa, maadili, sheria, mila na uwezo na mazoea mengine yote ambayo mtu huyapata kwa kuwa mwanajamii. Uzito uko katika neno “huyapata”. Hazaliwi nayo.

Lakini siku ninayoitaka mimi ni tarehe 13 Novemba 1888, Tylor aliposoma mada mbele ya Taasisi ya Anthropolojia ya London. Alikuwa amekwisha kuona aibu kwa ajili ya elimu yake. Watu wa fizikia na kemia waliicheka kwa kukosa namba, naye alikuja na namba. Alikuwa ameorodhesha jamii zipatazo 350 na kuandika kwa kila moja mume huishi wapi baada ya ndoa, nani humkwepa nani, urithi huenda wapi. Halafu akauliza: desturi mbili zikikutana mahali pamoja mara nyingi kuliko ambavyo bahati ingezikutanisha, si lazima kuna kinachozifunga?

Chukua mkwe. Jamii nyingi za Kibantu zinajua jambo hili: mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe, hali naye, akimwona njiani anapinda. Tylor alikuta jamii 45 ambako mume na wakwe zake huepukana, na jamii 65 ambako mume huhamia moja kwa moja kwa watu wa mkewe. Kama mambo haya mawili hayahusiani, kati ya jamii 350 yangekutana mara nane au tisa. Hesabu ni nyepesi: zidisha 45 kwa 65, gawanya kwa 350. Yeye aliyakuta pamoja mara 14. Kwa hiyo, alisema, vinahusiana: mgeni aliyeingia nyumba ya watu hutendewa kama mgeni, hatazamwi usoni.

Kisha akaenda kwenye desturi ya pili, na hapa ndipo ninapopapenda. Alisimulia kuhusu Robert Moffat, mmisionari aliyeishi kwa Watswana, ambaye wenyeji hawakumwita kwa jina lake, walimwita Ra-Mary, yaani Baba Mary. (Mary huyo ndiye aliyekuja kuolewa na David Livingstone.) Tylor aliibuni istilahi ya kitaalamu kwa desturi hii ya mzazi kuitwa kwa jina la mtoto, akaikuta katika jamii kama thelathini, na katika 22 kati ya hizo ilikwenda pamoja na mume kuhamia kwa wakwe, ilhali bahati ingetoa kama 11. Maelezo yake yalikuwa kwamba mume aliyekuwa mgeni, asiyetazamwa, anapozaa mtoto ndani ya ukoo ule hupata mahali: sasa ni baba wa mmoja wao, na aitwe hivyo.

Mtaani nilikokulia hakuna aliyemwita mama yangu kwa jina lake. Alikuwa Mama fulani tangu alipojifungua mtoto wa kwanza, na nadhani wako majirani waliomzika bila kujua jina alilopewa na wazazi wake. Nikisoma jedwali la Tylor nauona mtaa wetu umeingia kwenye takwimu kabla hata haujajengwa.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa Francis Galton, binamu wa Charles Darwin, mtu aliyependa kupima kila kitu. Miaka minne nyuma, katika maonyesho ya afya ya London, aliweka maabara ambako watu 9,337 walipimwa urefu, upana wa mikono, nguvu ya kubana na uwezo wa kuona, wakilipa senti zao wenyewe. Alimsikiliza Tylor hadi mwisho, akatoa hoja fupi. Ingefaa sana, alisema, tuelezwe jamii hizi zinazolinganishwa zinajitegemea kiasi gani. Huenda baadhi yao zimepata desturi hiyo kutoka chanzo kimoja, na hivyo ni nakala tu za maandishi yaleyale.

Hiyo ndiyo inayoitwa hadi leo tatizo la Galton.

Ili lieleweke, litazame jina la Mama Asha. Tuseme unajaza jedwali la Tylor. Waswahili: ndiyo, mzazi huitwa kwa jina la mtoto. Waarabu: ndiyo, wana Abu fulani na Ummu fulani, na Mtume mwenyewe aliitwa Abul-Qasim. Watswana: ndiyo, Ra-Mary. Wakikuyu: ndiyo, Nyina wa Njeri. Wajaluo: ndiyo, Min Otieno. Umeshapata visanduku vitano. Je, una mashahidi watano? Mswahili wa pwani ameishi na Mwarabu kwa karne nyingi, ameoana naye, amesoma kitabu chake. Huenda Mama Asha ni Ummu Asha aliyevaa kanga. Au huenda ni wa kale zaidi, wa ukoo mmoja na Ra-Mary, kwa kuwa Kiswahili na Kitswana zote ni lugha za Kibantu zilizotoka tumbo moja. Hapo Waswahili, Wakikuyu na Watswana wanakuwa shahidi mmoja mwenye vinywa vitatu. Wajaluo si Wabantu, lakini wamekaa jirani na Wabantu kwa muda mrefu. Ukihesabu kwa ukali, visanduku vitano vinaweza kushuka hadi viwili, na ile 22 ya Tylor dhidi ya 11 haijulikani tena ina maana gani.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume walilijua jambo hili karne nyingi kabla ya Galton. Hadithi iliyopokewa na watu wengi katika kila tabaka la mapokezi ina daraja lake. Iliyosambaa kwa watu wengi lakini ukiipandisha nyuma inamfikia mpokezi mmoja tu ina daraja jingine. Hawakuhesabu midomo iliyoisimulia. Walifuata isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi, hadi kwenye chanzo. Na mtu yeyote aliyepokea uvumi uleule kutoka magrupu sita ya WhatsApp asubuhi moja anajua kwa nini.

Galton huyuhuyu, mwezi mmoja baadaye, alisoma mbele ya Jumuiya ya Kifalme mada yake juu ya namna ya kupima kiasi ambacho vipimo viwili vinakwenda pamoja, mada ambayo takwimu za kisasa zimejengwa juu yake. Na Galton huyuhuyu ndiye aliyebuni mwaka 1883 jina la eujeniki, fundisho la kuboresha binadamu kwa kuchagua nani azae, ambalo baadaye lilifunga watu uzazi kwa nguvu na kufikisha wengine kwenye mauti. Sioni sababu ya kuficha moja ili kulisifu jingine. Mtu aliyejua kumwuliza mwenziwe “ushahidi wako unajitegemea?” hakujiuliza mwenyewe kama urithi wa akili aliouona katika koo za wakubwa wa Uingereza haukuwa urithi wa shule na fedha.

Sikio la msikilizaji

Franz Boas alizaliwa Minden, Ujerumani, mwaka uleule ambao Morgan alikuwa Marquette, 1858. Shahada yake ya udaktari, aliyoipata Kiel mwaka 1881, ilihusu rangi ya maji ya bahari, na kazi hiyo ilimfundisha kwamba jicho la mpimaji ni chombo chenye kasoro zake. Mwaka 1883 alikwenda Kisiwa cha Baffin kukaa na Wainuit, na hakurudi tena kwenye fizikia.

Wakati huo wasomi wengi walidai kwamba lugha za watu “wa chini” hazina sauti thabiti: mtu mmoja hutamka neno moja leo hivi, kesho vile, ishara kwamba lugha yao haijakomaa. Mwaka 1889 Boas alifungua madaftari yake, akakuta neno lilelile la Kiinuit ameliandika kwa namna kadhaa. Makosa yale yalifuata sauti za Kijerumani, lugha yake. Kilichoyumba kilikuwa sikio la mwandishi, kinywa cha msemaji kilikuwa imara. Mgeni akiandika ng'ombe leo “gombe” na kesho “nombe”, hatusemi kwamba mchungaji amebadilisha matamshi.

Ni makala fupi sana, kurasa chache, nami naiweka juu ya vitabu vinene vya enzi ile. Iligeuza swali zima: kabla ya kueleza kwa nini hao wako vile, thibitisha kwamba uliyoandika ni yao na si yako.

Mwaka 1896 aliipeleka hoja hiyo kwa Tylor na Morgan pamoja. Kufanana hakuthibitishi sababu moja. Alitoa mfano wa vinyago vya usoni: mahali pengine watu huvaa ili wasitambuliwe na pepo, pengine ili kuwatisha watu au pepo wenyewe, pengine kumkumbuka marehemu, pengine kwa mchezo. Ukiviweka vyote katika kabati moja la makumbusho na kuandika “kinyago”, umeshajibu swali kabla ya kuliuliza. Wamakonde wana mapiko; anayetaka kujua lipiko ni nini hana budi kwenda kwenye jando linakochezwa, siyo kwenye kabati. Sharti la Boas lilikuwa zito na la polepole: kwanza historia ya desturi mahali pake na kwa majirani zake, ndipo ulinganishe.

Boas huyuhuyu, mwaka 1888, alifukua makaburi ya wenyeji wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika na kuchukua mafuvu, na aliandika kwamba kazi ile ilimchukiza lakini ilikuwa lazima mtu aifanye. Haikuwa lazima. Na jambo hili linatufikia sisi. Berlin, Felix von Luschan wa jumba la makumbusho la elimu ya mataifa alikusanya maelfu ya mafuvu, na zaidi ya 1,100 kati yake yalitoka koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, mengi kutoka Rwanda, mengine kutoka Tanzania ya leo. Yalipimwa, yakaandikwa namba kwa wino. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata jamaa walio hai nchini Tanzania, na fuvu mojawapo lilikuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli wa Moshi ya Kale aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Kwa zaidi ya karne moja babu wa watu alikuwa sampuli.

Na mafuvu yale hayakuthibitisha hata kile yalichoibiwa kithibitishwe. Boas aliwapima wahamiaji na watoto wao mjini New York, karibu watu 18,000, akakuta umbo la kichwa, lililodhaniwa halibadiliki kamwe na hivyo kuwa alama ya rangi ya mtu, lilitofautiana kati ya watoto waliozaliwa Ulaya na wadogo zao waliozaliwa Amerika.

Baba mzazi

Jibu la tatizo la Morgan lilipatikana karibu kwa bahati. Mwaka 1898 Alfred Haddon wa Cambridge aliongoza watu saba, yeye akiwemo, kwenda visiwa vya Mlango wa Torres, kati ya Australia na New Guinea. Mmoja wao alikuwa W. H. R. Rivers, daktari aliyebobea katika utafiti wa hisi. Ilidhaniwa kwamba “washenzi” wana macho makali kupita kiasi. Rivers aliwapima wakazi wa kisiwa cha Mer akakuta tofauti ni ndogo. Katika mchoro ule maarufu wa mistari miwili iliyo sawa, mmoja ukionekana mrefu kwa sababu ya mishale ya ncha zake, watu wa Mer walidanganyika kidogo kuliko Waingereza.

Ili kujua kama uwezo wa kuona hurithiwa, alihitaji kujua nani ni mtoto wa nani. Hapo alikutana na “baba” walewale watatu wanne waliomchanganya Morgan. Akabuni njia. Alitumia maneno matano tu: baba, mama, mtoto, mume, mke, na kila mara alihakikisha kwamba anayetajwa ni yule aliyezaa hasa, baba mzazi kwa Kiswahili chetu. Kwa maneno hayo matano alichora nasaba nzima ya mtu, majina kwa majina, vizazi vitatu hadi vitano, kwa kuwa wazee wa visiwa vile walizikumbuka koo zao kama wazee wa kwetu. Baada ya mchoro kukamilika ndipo aliponyooshea kidole kila jina: huyu unamwitaje? Na huyu?

Mambo mawili aliyoyachanganya Morgan sasa yalikuwa kwenye karatasi mbili. Moja ina aliyekuzaa, nyingine ina unayemwita baba. Zaidi ya hayo, nasaba ya mzee mmoja iliweza kupimwa kwa nasaba ya mzee mwingine wa ukoo jirani, wote wakiwataja watu walewale bila kusikilizana. Ushahidi uliojitegemea hatimaye. Rivers mwenyewe, jambo la ajabu, aliendelea miaka mingi kumtetea Morgan juu ya ndoa za makundi. Njia yake ilikuwa na akili kuliko nadharia yake, na njia ndiyo iliyobaki. Alipoichapisha kwa ukamilifu mwaka 1910 ikawa chombo cha kila mtu aliyekwenda nyanjani.

Swali la Galton lilikawia zaidi. Mwaka 1961 David Aberle, Mmarekani, alilinganisha jamii nyingi kwa jedwali na kuona kwamba ng'ombe ni adui wa nasaba ya kukeni: wafugaji kwa kawaida hurithi kuumeni. Ukitazama Tanzania inaingia akilini. Waluguru, Wakaguru, Wayao na Wamakonde, ambao kwa desturi huhesabu ukoo kwa mama, si watu wa makundi makubwa ya ng'ombe. Wagogo, majirani wa Wakaguru, ni wafugaji na ukoo wao ni wa baba. Lakini Galton angeinua mkono uleule: hizo ni jamii ngapi, kweli?

Mwaka 2003 Clare Holden na Ruth Mace, watafiti wa London, walilijibu swali hilo kwa kutumia sisi. Walichukua jamii 68, karibu zote za Kibantu, wakazipanga kwenye mti wa nasaba ya lugha uliochorwa kwa kulinganisha maneno ya msingi: lugha zipi ni ndugu wa karibu, zipi ziliachana zamani. Kisha hawakuhesabu makabila. Walipanda matawi kutoka kwenye shina wakikadiria ni wapi ng'ombe waliingia na ni wapi ukoo wa mama uliachwa, na kipi kilitangulia kipi, wakaona kwamba kupata ng'ombe kulielekea kufuatwa na kuuacha ukoo wa kukeni. Kinachohesabiwa kwa njia hiyo ni mara ambazo badiliko lilitokea. Waluguru na Wakaguru, ambao lugha zao ni ndugu, hawaandikwi tena kama mashahidi wawili: kama wote waliupokea ukoo wa mama kutoka kwa bibi mmoja, basi bibi huyo ndiye anayehesabiwa, mara moja.